American Hustle: waigizaji moto, utapeli uliopoa

Wahariri wa filamu tukikaa kuzungumzia vichekesho vya uhalifu, American Hustle haikosi kutajwa. Kazi hii ya David O. Russell ya mwaka 2013 iliteuliwa kuwania tuzo 10 za Oscar, ya uhariri ikiwemo, ingawa haikuondoka na hata moja. Nimeitazama kwa hamu kubwa. Si mbaya hata kidogo, ila imeniacha na kiu, na kwa kuwa kuhariri ndiyo kazi yangu, naweza kueleza iliponipoteza. Kama hujaiona, ujue mwisho wake nitautaja.

Kisa kimechotwa kwenye tukio la kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1970, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walimtumia tapeli mzoefu, Mel Weinberg, kuwatega wanasiasa kwa chambo cha fedha za sheikh wa Kiarabu ambaye hakuwepo. Operesheni hiyo, Abscam, iliwatia hatiani seneta mmoja, wabunge sita na meya wa Camden, New Jersey. Filamu imebadili majina na mengine mengi.

Inaanza vizuri mno. Christian Bale, akiwa tapeli Irving, amesimama mbele ya kioo hotelini. Anabandika nywele bandia kwa gundi juu ya upara, halafu anazivuta nywele zake za pembeni na kuzilaza juu yake, polepole, kama fundi anayeijua kazi yake. Hasemi neno. Muda si mrefu, ofisa wa FBI, Richie (Bradley Cooper), anazivuruga zote kwa mkono mmoja mbele ya wenzao. Unacheka huku ukimhurumia, kwa sababu umeiona taabu aliyopata kuzipanga. Hivyo ndivyo kichekesho cha aina hii kinavyojengwa: mtazamaji anajua jambo mapema, kisha anasubiri liharibike.

Baada ya hapo kanuni hiyo inalegezwa. Filamu inarudi nyuma, na Irving, mpenzi na mshirika wake Sydney (Amy Adams), na Richie wanapokezana kusimulia. Wanatueleza sana wanavyojisikia, na kidogo mno kuhusu mtego wenyewe: nani anajua nini, nani akigundua nini mambo yataharibika. Ugomvi wa mapenzi unaendelea hata baada ya sini kutimiza kazi yake. Naielewa tamaa hiyo. Ukiwa na Jennifer Lawrence, mke wa Irving, anayeunguza jiko la maikrowevu kisha anambebesha mumewe lawama, mkono unasita kukata. Lakini kila shoti tamu unayoiacha irefuke inailia muda hatari ya mtego.

Sini ya kasino inathibitisha. Sheikh ni ofisa wa FBI mwenye asili ya Meksiko. Robert De Niro, bosi wa mafia, anamtazama, kisha ghafla anamsemesha Kiarabu. Hakuna muziki wa kutuelekeza, ni nyuso tu, moja baada ya nyingine, na kila mkato, yaani pale shoti moja inapoipisha nyingine, unachelewa kidogo kuliko unavyotaka. Sote tunajua siri, na sote tunajua bosi huyo anaua. Nilishika pumzi. Kama filamu nzima ingepangwa hivyo, nisingekuwa na neno.

Mwisho ndio ulioniuma zaidi. Irving na Sydney wanawapiga FBI dola milioni 2 kwa kutumia wakili bandia, nasi tunaambiwa mambo yakiwa yamekwisha, sawa na Richie mwenyewe. Mshtuko upo, wa sekunde chache. Ningeomba shoti moja tu mapema, Irving akimfundisha huyo wakili maneno yake, na kikao kizima cha kuhamisha fedha kingetutoa jasho. Badala yake tunakitazama kama kikao cha kawaida cha ofisini.

Pamoja na hayo, kuna kichekesho kimoja nitakirudia nikifundisha vijana: bosi wa Richie anataka kumsimulia kisa cha kuvua samaki kwenye barafu, Richie hana subira, kila mara anamkatiza na kubahatisha funzo lake, na kila mara anakosea. Filamu inakwisha kisa kikiwa hakijamalizika. Hapo kila mkato umeanguka mahali pake.