"Ana tabia mbaya": neno moja, mambo matatu

Katika majalada ya wafanyakazi ninayoletewa kuyapitia hapa Kigoma, sentensi inayojirudia kuliko zote ni hii: "Mtajwa hapo juu ana tabia isiyoridhisha." Ni sentensi nyepesi kuiandika na nzito kuifanyia kazi, kwa sababu neno tabia kwetu limebeba mambo matatu kwa mpigo: hulka ambayo mtu amekuja nayo kazini, mtazamo alio nao juu ya kazi na wenzake, na tendo lenyewe lililoonekana siku fulani, saa fulani. Wanasaikolojia wetu hilo la kwanza huliita haiba, lakini mtaani mwenye haiba ni yule anayependeza machoni, kwa hiyo mimi nitasema hulka.

Hulka inapimika, ingawa si kwa urahisi ambao wauzaji wa majaribio ya haiba wanaudai. Mwaka 1936 wanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport na Henry Odbert walipekua kamusi ya Kiingereza wakakusanya karibu maneno 18,000 ya kumweleza mtu alivyo, na watafiti waliowafuata walitumia miongo kadhaa kuyachambua hadi wengi wao wakakubaliana juu ya makundi makubwa matano: umakinifu, uchangamfu, upole kwa wengine, wepesi wa kupokea mambo mapya, na wepesi wa kufadhaika. Watafiti Murray Barrick na Michael Mount, walipojumlisha matokeo ya tafiti nyingi mwaka 1991, waliona kwamba umakinifu ndio uliohusiana na utendaji mzuri katika kila kundi la kazi walilolichunguza, ilhali uchangamfu ulisaidia hasa katika mauzo na usimamizi. Hata huo uhusiano wa umakinifu haukuwa mkubwa. Bado nakutana na wakurugenzi wanaompa kijana ufunguo wa ghala kwa sababu alichangamka kwenye usaili.

Usaili nao ndio mahali ambapo mtazamo hutudanganya. Katika miaka ya 1930 Richard LaPiere, mwanasosholojia wa Marekani, alizunguka nchini mwake pamoja na mume na mke vijana wa Kichina, wakati ambapo chuki dhidi ya Wachina ilikuwa wazi. Katika hoteli, kambi na migahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye aliwaandikia wenye sehemu hizo kuwauliza kama wangepokea wageni wa Kichina. Wakajibu 128, na zaidi ya asilimia 90 kati yao walisema hapana. Kilichosemwa kwenye karatasi kilikwenda kaskazini, kilichotendwa mlangoni kikaenda kusini. Ndiyo maana nimeacha kumuuliza mwombaji kazi ana mtazamo gani kuhusu ushirikiano, kwani sijapata kumsikia anayeupinga. Namwomba anisimulie siku ya mwisho aliyogombana na mwenzake kazini, na nini alikifanya saa ileile.

Nieleze kisa kimoja kwa urefu, maana ndicho kilichonifanya niandike haya. Niliitwa kwenye ghala moja, si mbali na bandari, linalopokea saruji na sukari ya kuvushwa ziwani kwenda Burundi na Kongo. Karani wa ghala, mtu wa makamo, alikuwa ameandikwa mara sita kwa "tabia ya ukorofi na dharau kwa wapagazi", na barua ya kumwachisha kazi ilikuwa tayari imechapwa, imebaki sahihi. Niliomba siku mbili za kukaa tu kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango.

Asubuhi niliona mtu mwingine kabisa. Alihesabu mifuko kwa safu za kumi, akaweka vijistari vya penseli kwenye daftari, na mpagazi mzee alipopita alimsalimia "Shikamoo mzee" bila kuinua macho kutoka kwenye hesabu yake. Saa nane mchana maboti mawili yakaanza kupakiwa kwa pamoja kupitia mlango mmoja, kwa daftari moja. Wapagazi hulipwa kwa mfuko, kwa hiyo kila karani anaposema "simama, turudie" anawala muda na hela. Mmoja akapita bila kusimama. Karani akampigia kelele na kumwita mwizi mbele ya watu. Nilipolinganisha tarehe za yale matukio sita na daftari la upakiaji, yote yalikuwa siku za maboti mawili.

Hulka ilikuwepo, nisiifiche: ni mtu makini kupita kiasi, asiyejali sana kupendwa, na kwa kazi ya kuhesabu mali ya watu hiyo ni sifa. Mtazamo pia ulikuwepo, kwani aliamini kweli kwamba wapagazi ni wezi. Lakini nilipomuuliza ameutoa wapi, alinionyesha hati ya mshahara wa mwaka wake wa kwanza, aliokatwa kufidia mifuko iliyopungua. Mwajiri mwenyewe ndiye aliyemfundisha kumwogopa kila anayepita na mfuko begani. Mwanasaikolojia Kurt Lewin alikwisha kuandika katika miaka hiyohiyo ya 1930 kwamba tendo huzaliwa na mtu pamoja na mazingira yake, na hapo mlangoni mazingira yalikuwa yamebeba zaidi ya nusu ya kosa. Hayo ni makadirio yangu, si kipimo.

Sheria yetu, kwa bahati, ina macho kuliko barua zetu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizo chini ya sheria ya kazi ya Tanzania, zinakubali kwamba mfanyakazi anaweza kuachishwa kwa kushindwa kuelewana na wenzake, lakini zinamtaka mwajiri kwanza aandike matukio halisi yaliyoleta madhara, kisha amwonye na kumshauri. Neno "ukorofi" peke yake si tukio.

Nilipendekeza hesabu ifanyike kwenye rundo kabla mzigo haujabebwa, mnyapara wa wapagazi asaini pamoja na karani, na makato ya mshahara yasimame hadi upungufu uchunguzwe. Kuhusu neno "mwizi" karani alipewa onyo la maandishi, lenye tarehe na saa, akalisaini bila ubishi. Niliporudi baada ya miezi mitatu nilimkuta anabishana na mnyapara juu ya mfuko mmoja, sauti juu kama kawaida yake; safari hii wote wawili walikuwa wamechuchumaa mbele ya rundo, wanahesabu upya, na mnyapara ndiye aliyeshika penseli.