Je, wajua kwanini surua ikishakupata hairudi tena, lakini mafua yanarudi kila mwaka?

Mtu akiugua surua utotoni, kwa kawaida anaweza kufika hata miaka 80 akauguza wajukuu wenye surua na yeye isimguse, ila mtu huyohuyo mafua yanamkamata mwaka huu, mwakani na mwaka wa mbele yake. Mwili uleule, damu ileile, sasa inakuwaje?

Tuanze na kitu kidogo, mwiba umekuchoma kidoleni. Ngozi imetoboka, bakteria wameingia, na baada ya masaa kadhaa pale pamevimba, pamekuwa pekundu, pana moto na panapwita. Wengi wanadhani ni vijidudu vinafanya vile, kumbe sehemu kubwa ni mwili wenyewe unatanua mishipa midogo ya damu ili chembe nyeupe zipenye zitoke zikafike kwenye jeraha. Zinazotangulia zinaitwa nyutrofili, uboho wa mifupa unatengeneza kama bilioni 100 kwa siku, zinameza bakteria, zinawayeyusha, halafu zenyewe zinakufa. Ule usaha unaokuja kuukamua kwa kiasi kikubwa ndo mabaki yake, na tangu nilipojua hivyo siuoni tena kama uchafu tu.

Ila nyutrofili hazina kumbukumbu. Kumbukumbu iko kwingine. Kuna seli zinazobeba vipande vya kijidudu mpaka kwenye tezi za limfu, zile unazozipapasa shingoni au kwapani zikiwa zimevimba, na humo kuna seli B na seli T, ambazo nazo ni aina za chembe nyeupe, nyingi mno, kila moja ina umbo lake la kunasia kijidudu, tofauti na la jirani yake. Hapa ndo huwa nashangaa kila nikipafikiria, maana jeni za binadamu za kutengeneza protini ni kama 20,000 tu, sasa maumbo mabilioni ya kingamwili, yaani protini ambazo seli B hutengeneza kunasia vijidudu, yanatoka wapi? Susumu Tonegawa, Mjapani aliyekuwa anafanya utafiti Basel huko Uswisi, alionesha mwaka 1976 kwamba seli B inapokua inakata vipande vya jeni zake na kuviunga upya, kila seli kwa mpangilio wake, na mwaka 1987 akapewa tuzo ya Nobel. Yaani mwili haujui ugonjwa gani utakuja, kwahiyo unatengeneza maumbo ya kila namna bila kuchagua na kuyaweka tayari.

Siku virusi vya surua vikiingia, zile seli chache ambazo umbo lao linalingana navyo zinaanza kugawanyika, moja zinakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka zinafika maelfu na kumwaga kingamwili kwenye damu. Mara ya kwanza kazi hiyo inaweza kula wiki moja mpaka mbili, na katikati ya hapo ndo wewe unachemka na homa. Ukipona nyingi zinakufa, ila baadhi zinabaki miaka na miaka, na virusi vilevile vikirudi vinadakwa kabla hujajisikia chochote.

Zinabaki muda gani? Mwaka 1846 surua iliingia visiwa vya Faroe, huko Atlantiki ya kaskazini, ikalaza watu zaidi ya 6,000 kati ya kama 7,800. Daktari Peter Panum alitumwa kule kutoka Denmark, akakuta kwamba surua ilikuwa haijafika visiwani tangu 1781, na wazee waliougua mwaka ule wa 1781 hakuna hata mmoja aliyeugua tena, wakati wazee wenzao ambao haikuwapata zamani walianguka kama vijana. Miaka 65 imepita na mwili bado unakumbuka!

Kwa mafua shida sio mwili kusahau. Mafua ya kawaida yanaletwa na virusi wengi, rinovirusi peke yao wako zaidi ya aina 150, ukiizoea moja inakuja nyingine. Influenza, yale mafua makali, nayo inabadilisha protini zake za nje mara kwa mara, kingamwili za mwaka jana zinaikuta imeshabadilika, ndo maana Shirika la Afya Duniani linapitia upya mchanganyiko wa chanjo yake mara mbili kwa mwaka.

Sasa kuna jambo linaniuma kuhusu surua, na wazazi wengi hawajawahi kulisikia. Virusi vyake hushambulia hizohizo seli za kumbukumbu. Utafiti wa mwaka 2019 kwa watoto wasiochanjwa ulikuta baada ya surua wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine, kwahiyo mtoto amepona surua lakini vimelea ambavyo mwili wake ulishavijua, anaanza kukutana navyo upya. Chanjo ya surua inaupa mwili kumbukumbu ya surua bila kuifuta ile nyingine.