Je, wajua kwa nini mtoto anayekwaruza dirisha anatisha kuliko meno ya mnyonya damu?

Usiku wa manane, ukungu umetanda nje ya dirisha. Mtoto aliyepotea msituni anaelea hewani nyuma ya kioo, anatabasamu. Anakwaruza kioo kwa kucha, taratibu, krr, krr. Ndani, kaka yake anaamka na kumtazama. Hapigi ukelele. Anashuka kitandani, anakwenda kumfungulia.

Mtoto huyo ameshageuka mnyonya damu. Tukio hilo limo katika Salem's Lot, filamu ya sehemu mbili iliyoongozwa na Tobe Hooper kutokana na riwaya ya Stephen King, ikaonyeshwa na televisheni ya CBS nchini Marekani mwezi Novemba 1979. Ilitengenezwa kwa ajili ya sebuleni, kwa hiyo damu yenyewe ni kidogo mno. Hata hivyo, wapo watu wazima leo, wana wajukuu, ambao wakitajiwa filamu za wanyonya damu hawakumbuki jumba la kifalme wala jeneza. Wanakumbuka dirisha lile.

Sehemu ya siri yake iko kwenye mwendo. Zamani, mtu wa kuelea kwenye sinema alifungwa nyaya, na mtazamaji makini alimwona akining'inia. Hooper hakutaka nyaya. Mtoto aliwekwa kwenye mkono wa kreni, akaja bila kuyumba hata kidogo, na picha zikapigwa kinyumenyume, hata ule moshi unaomzunguka hauendi kama moshi unavyokwenda. Unapotazama huwezi kusema kosa liko wapi. Mwili ndio unaosisimka, wewe bado unatafuta sababu.

Lakini nadhani ufundi huo peke yake usingetosha. Kinachoumiza ni kwamba yule aliye nje anabisha hodi, na ni mdogo wake.

Katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka 1897, mnyonya damu hawezi kuingia nyumbani kwa mara ya kwanza mpaka mmoja wa wenyeji amkaribishe. Sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu tunalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Nyumba ina heshima yake. Hata adui husimama mlangoni. Kwa hiyo kila tukio la namna hii linamtwisha mtazamaji swali zito: je, atafungua? Na anayeomba kufunguliwa anakuja na sura unayoipenda. Baadaye katika filamu hiyohiyo, yule kaka aliyefungua naye anageuka kuwa anayeelea, anakwenda dirishani kwa rafiki yake na kumsihi amfungulie. Rafiki anamwonyesha msalaba. Ukimya wa pale, kabla mkono haujainua msalaba, ndipo watu hushikana mikono kwenye makochi.

Jambo hili halikuanza 1979. Katika Nosferatu ya F. W. Murnau, filamu isiyo na sauti iliyozinduliwa Berlin mwaka 1922, Ellen, mwanamke anayewindwa, mwenyewe ndiye anayelisukuma dirisha wazi, huku mnyonya damu Orlok akimtazama kutoka jengo la pili. Kisha tunaona kivuli tu kikipanda ngazi, kibiongo, vidole virefu kama matawi makavu. Kivuli cha mkono kinampanda kifuani na kufumba ngumi juu ya moyo. Hakuna aliyemgusa, lakini anajikunja kwa maumivu.

Mwaka 2008 Tomas Alfredson wa Uswidi aligeuza kanuni hiyo ya kukaribishwa juu chini katika Let the Right One In. Mvulana anamfanyia mnyonya damu mdogo ubishi, hataki kusema karibu, anataka aone kitatokea nini. Yule anaingia hivyohivyo, anasimama, na damu inaanza kumtoka mwilini mwenyewe, machoni, masikioni. Mvulana anamkumbatia na kumkaribisha. Pale hofu inageuka huruma ghafla, na kwangu hilo ndilo tukio bora kuliko yote niliyoyataja.

Sasa, kwa nini picha hizi hazitoki kichwani? Mwaka 1999 watafiti Kristen Harrison na Joanne Cantor walichapisha utafiti wao kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani. Asilimia 90 hivi walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha utotoni au ujanani, na takribani robo walisema wasiwasi wake ulikuwa haujawaisha. Ubongo una sehemu ndogo iitwayo amigdala, inayopiga kengele ya hatari kabla akili haijapima habari. Moyo unadunda, kiganja kinalowa. Akili inakuja baadaye na kusema ni sinema tu, lakini kengele imeshalihifadhi dirisha. Na dirisha, tofauti na jumba la milimani Ulaya, lipo chumbani kwako.

Niliiona Salem's Lot kwenye mkanda wa video, kwa jirani, nikiwa darasa la tano. Tulikuwa tumezoea simulizi za mumiani, wale wa kukamata watu na kuwatoa damu, waliosemwa tangu enzi za wakoloni. Ila mumiani alikuwa mtu mgeni, ulijua umkimbie. Huyu wa dirishani alikuwa mdogo wa mtu. Dirisha letu lilikuwa na nondo na wavu wa mbu, na nje mwembe ambao tawi lake lilifika ukutani. Upepo ulipovuma, krr.

Cantor aligundua pia kwamba kumwambia mtoto mdogo "si kweli" husaidia kidogo sana. Kinachomtuliza ni kitu cha kushika au mtu wa kukaa naye. Dada yangu hakuwa amesoma utafiti wowote. Aliamka, akavuta godoro lake mpaka chini ya dirisha, akalala pale, kati yangu na wavu.