Kuchovya Tumbawe Dawani Hakumalizi Mayai ya Wadudu

Wengi wanaofuga matumbawe majumbani hapa Mombasa huamini kwamba tumbawe jipya likichovywa dawani mara moja huwa limesafika. Imani hiyo inaeleweka, kwani minyoo bapa na konokono wasio na gamba huonekana wakidondoka. Lakini mayai yao, yaliyogandamana chini ya shina, mara nyingi husalimika na kuanguliwa baadaye. Kwa hiyo yakwanguliwe, uchovyaji urudiwe kwa majuma kadhaa, na tumbawe, hili naliona muhimu kuliko yote, litengwe katika tangi lake. Lichunguze kwa tochi na kioo cha kukuzia: madoa meupe ya mviringo kwenye akropora, aina ya tumbawe lenye matawi, huashiria minyoo bapa, ambao rangi yao hufanana mno na tumbawe lenyewe.