"GPL haiuzwi, kaka": dhana potofu kuhusu leseni huria na plagini

Wiki hii nimeisikia tena, safari hii ofisini kwa mteja pale Kijitonyama. Kijana mmoja ameandika plagini (programu ndogo inayoongezea uwezo programu kubwa) safi ya WooCommerce, inayogeuza tovuti ya WordPress kuwa duka: inapokea malipo ya M-Pesa na Airtel Money, inalinganisha kiasi kilicholipwa na oda, kisha inamjulisha mwenye duka muamala unapokamilika. Kazi ya miezi minne. Nikamuuliza ataanza kuiuza lini. Akanijibu, "WordPress ni GPL, na kitu cha GPL hakiuzwi, kaka." (GPL ni leseni huria, na WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, iko chini yake.) Bosi wake, aliyekuwa pembeni, akatikisa kichwa kukubali. Sinza nimeisikia hiyo, Mbezi nimeisikia, na kwenye kila mafunzo ninayoendesha kuna anayeisema. Kuieleza kwa mtu mmoja mmoja kumenichosha.

Dhana: GPL inakataza kuuza plagini

Haikatazi. Fungueni leseni yenyewe muisome, si ndefu. GPL toleo la 2 la mwaka 1991, kifungu cha 1, inakuruhusu kutoza ada unapompa mtu nakala. Toleo la 3 la mwaka 2007, kifungu cha 4, ni wazi zaidi: toza bei yoyote utakayo, au usitoze kabisa. Kinachonisikitisha ni kwamba Waingereza wana neno moja tu, *free*, kwa mambo mawili, kwa hiyo wao wana sababu ya kuchanganyikiwa. Sisi tuna *huru* na tuna *bure*. GPL inazungumzia huru.

Sharti lake ni hili: ukimpa mtu plagini, umpe na msimbo wake (maandishi ya programu yenyewe), na asinyimwe haki ya kuutumia, kuubadilisha na kuugawa kwa masharti yaleyale. Angalia ni nani anayepewa haki hizo. Ni yule uliyempa nakala. Hujalazimishwa kuuanika msimbo mtandaoni kwa dunia nzima, na plagini uliyoiandika kwa ajili ya seva yako mwenyewe, bila kumpa mtu nakala, haikudai chochote. (AGPL, leseni ndugu ya GPL, ina sharti la ziada kwa programu zinazotumiwa kupitia mtandao, lakini WordPress haiko chini ya AGPL.)

Hapo kijana akaja na hoja ya pili, ambayo nayo naijua: "Basi mteja wa kwanza ataimwaga Kariakoo kwenye flashi na biashara imekufa." Ni kweli, ana haki ya kuigawa. Lakini tujiulize mwenye duka ananunua nini hasa. Kampuni ya simu inabadilisha API yake, yaani njia ambayo plagini huwasiliana na mfumo wao. Toleo jipya la WordPress linatoka, toleo la zamani la PHP, lugha iliyoandikia WordPress, linaachwa. Plagini ya malipo iliyokaa mwaka mzima bila sasisho ni hatari kwa pesa za watu. Aliyeipata kwenye flashi hapati sasisho, wala hana namba ya kupiga Jumamosi usiku muamala ukiwa umekwama na mteja amesimama kaunta. Kwa hiyo uza mwaka mmoja wa masasisho na msaada. Ufunguo unaompa mnunuzi ni wa kuingia kwenye seva yako ya masasisho, na GPL haikulazimishi kumhudumia asiyelipa. Jina la bidhaa yako nalo linabaki lako: GPL inatoa haki juu ya msimbo, na alama ya biashara ni habari nyingine.

WooCommerce yenyewe, ambayo kijana huyu anaitegemea kila siku, imezaliwa na haki hiyohiyo. Mwaka 2011 kampuni ya WooThemes ilichukua msimbo wa plagini iliyoitwa Jigoshop, iliyokuwa GPL, ikawaajiri wawili kati ya walioiandika, na kuuendeleza kwa jina jipya. Mwaka 2015 Automattic, kampuni inayoendesha WordPress.com, ikainunua WooThemes. Leo kuna watu wengi wanaoishi kwa kuuza plagini za WooCommerce, na msimbo ni wa GPL vilevile. Wenye Jigoshop walipata hasara, na hilo sitalificha. Leseni iliyowapa msingi wa kujengea juu ya WordPress ndiyo iliyompa jirani haki ya kujenga juu yao.

Waliojaribu kukwepa nao wapo. Mwaka 2010 mwenye Thesis, mandhari (muonekano wa tovuti) ya WordPress, alikataa kuiweka chini ya GPL, akabishana hadharani na Matt Mullenweg, mmoja wa waanzilishi wa WordPress. Iliishia kwa mwenye Thesis kuuweka msimbo wa PHP chini ya GPL na kubaki na haki za mitindo na picha. Hata kwa mpangilio huo hakuna anayekuzuia kuuza. Blender, programu ya michoro ya 3D, nayo ni GPL, na plagini zake za Python zinauzwa kila siku.

Sababu inayonifanya niitetee GPL kwa moyo ni hii. Hapa Dar kijana mzuri anaandika plagini, anapata kazi benki au anasafiri, na plagini inabaki yatima. Mwenye duka hajasafiri. Plagini zilizo kwenye hazina ya WordPress.org lazima ziwe na leseni inayokubaliana na GPL, kwa hiyo fundi mwingine anaweza kuichukua kesho asubuhi na kuirekebisha bila kumtafuta mwenyewe. Nimeona wateja walionunua plagini ya msimbo uliofungwa wakiajiri mtu kuanza upya, kwa sababu mwandishi hapokei simu.

Dhana: MIT na BSD ndizo zinazovutia watu

Inategemea unataka watu gani. MIT na BSD ni leseni huria legevu, zenye masharti machache kuliko GPL. DHIS2, inayobeba takwimu za afya nchi nzima, ni BSD na ina aplikesheni nyingi juu yake. QGIS, programu ya ramani iliyotumika kwenye mradi wa Ramani Huria kuchora mitaa yetu inayofurika, ni GPL na hazina yake ya plagini imejaa. Leseni legevu inamruhusu mtu afunge msimbo wake, na kuna kampuni haziji bila hilo. GPL inamhakikishia mchangiaji kwamba atakayesambaza kazi yake hataweza kuifunga. Chagua ukijua unamwita nani.

Dhana: plagini yangu ina faili lake, leseni ya programu mama hainihusu

Kutenganisha mafaili hakutoshi. Msimamo wa FSF, taasisi iliyoandika GPL, ni kwamba plagini inayoita funksheni za programu mama na kutumia miundo yake ya data inakuwa kazi moja nayo, na inayoendeshwa kama programu inayojitegemea kwa kawaida haihesabiwi hivyo. Mwenye mradi asiwaachie watu kubahatisha. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliweka maelezo kwenye faili lake la leseni kwamba programu inayoita kerneli (kiini cha mfumo) kwa njia ya kawaida haihesabiwi kuwa imetokana nayo. Maneno machache tu, na watu wakajenga kwa amani. GCC, programu ya GPL inayogeuza msimbo kuwa programu tayari, ilikaa miaka mingi bila mfumo wa plagini kwa hofu ya plagini zilizofungwa. Iliuruhusu kwenye toleo la 4.5 mwaka 2010, kwa masharti, na LLVM, mpinzani wake mwenye leseni legevu, ilikuwa imeshavuta watu wengi. Ndiyo maana kila mteja wangu namwambia aandike msimamo wake kuhusu plagini kwenye README, faili la maelezo ya mradi, siku ya kwanza.

Dhana: nisipoweka leseni, nimeruhusu wote

Kinyume chake. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta. Bila leseni, hakuna mwenye ruhusa.

Dhana: leseni nitabadilisha baadaye

Kila mchangiaji anamiliki alichoandika, isipokuwa amekukabidhi kwa maandishi. Watu wa VLC, programu ya kucheza video, walipotaka kuhamisha injini yake kutoka GPL kwenda LGPL, leseni ndugu iliyo legevu kidogo, kazi iliyofanyika 2011 na 2012, walilazimika kuwatafuta wachangiaji mmojammoja kuomba ridhaa, wengine wakiwa wameacha mradi miaka mingi nyuma. Na ukiwa na haki zote bado watu wanaweza kuondoka: HashiCorp ilibadilisha leseni ya Terraform, programu yake ya kusimamia seva, Agosti 2023, na Septemba mwaka huohuo OpenTofu, iliyoanza kwa msimbo wa mwisho uliokuwa huru, ikawa chini ya taasisi ya Linux Foundation.

Yule kijana nilimwachia kazi tatu: faili la leseni, bei ya mwaka, na namba ya simu ambayo mtu atapokea. Bosi wake aliuliza kama wafiche angalau faili moja. Nimemwambia hapana.