Leseni ya shaba si ruhusa ya kukanyaga shamba

Pesa za karafuu zikishaingia mkononi, hakosekani mtu wa kukuonesha pa kuzipeleka. Mmoja huja na hisa za mgodi wa shaba Bara, na hoja zake ni zile zile.

Dhana: Kampuni ina leseni, basi eneo ni lake.

Ukweli: Leseni inampa mwenye nayo haki ya madini tu. Juu ya ardhi kuna wenyewe. Sheria ya Madini ya Bara, Sura ya 123, inamtaka apate idhini ya maandishi ya mkaazi halali kabla ya kufanya kazi ndani ya mita 200 za nyumba inayokaliwa, au mita 50 za shamba lililolimwa. Pemba hatuna sababu ya kulishangaa hili: tunayo mashamba ambayo ardhi ni ya mmoja na mikarafuu ni ya mwengine.

Dhana: Wasipopewa juu, watapita chini kwa chini.

Ukweli: Hii ndiyo inayowanasa wengi. Tazama mradi wa Resolution Copper, Arizona, Marekani, wa Rio Tinto (asilimia 55) na BHP (45). Shaba iko kama kilomita 2 chini, na bado mpango wao unatarajiwa kuididimiza ardhi ya juu iwe shimo la upana wa karibu kilomita 3. Halafu kuna mabaki. Mwamba wenye nusu asilimia ya shaba ukiusaga tani 100, shaba yenyewe haizidi kilo 500; tani 99 na nusu zinataka pa kuwekwa. Na njia ya malori? Na maji? Vyote hivyo viko juu.

Dhana: Wenye ardhi wakikataa, mradi umekufa.

Ukweli: Si lazima. Idhini ikizuiliwa bila sababu ya msingi, Waziri anaweza kuamuru isihitajike tena. Fidia ya mwenye ardhi haiondoki kwa hilo.

Dhana: Eneo la leseni kubwa, mgodi mkubwa.

Ukweli: Ramani ya leseni inaonesha mipaka ya karatasi. Mimi ningetaka ya pili, yenye kuonesha viwanja ambavyo idhini imeshatiwa saini, iwekwe juu ya mahali palipochorongwa na shaba ikaonekana. Anayeuza hisa akiwa na ile ya kwanza tu, fedha zangu zingebaki Chake Chake.