Kamera za SLR za filamu: yanayosemwa na ukweli wake

Wengi waliorithi SLR ya mzazi, yaani kamera yenye kioo cha ndani kinachokuonyesha kile kile lenzi inachokiona, iwe Pentax, Nikon au Canon, huamini kwamba kuitunza ni kuifungia kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi, isiguswe na mtu. Hiyo ndiyo dhana ninayoisikia zaidi, na ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Ndani ya SLR mna gia, springi na mapazia ya shata (yanayofunguka na kufunga ili mwanga ufike kwenye filamu), na vyote vinategemea grisi nyepesi. Kamera ikikaa miaka bila kufyatuliwa, grisi hukauka na kunata. Spidi za polepole ndizo huanza kuharibika: unaweka sekunde 1, shata inafunguka vizuri, kisha inajikokota kufunga au haifungi kabisa. Kwa hiyo itoe mara moja kwa mwezi, uifyatue bila filamu kwenye spidi zote. Haikugharimu chochote.

Mkoba wa ngozi nao una hatari yake. Hushika unyevu, na unyevu ndio chakula cha kuvu. Kwa aliyeko Mombasa, Tanga au Unguja, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, kuvu ndiye adui namba moja wa lenzi. Washa tochi, imulike kupitia upande mmoja wa lenzi huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona vijiuzi vyeupe vinavyosambaa kutoka ukingoni, hilo si vumbi bali ni kuvu, na kitambaa hakitaliondoa kwa sababu limo ndani, kati ya vioo. Likiachwa, asidi yake hula utando unaopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha, alama hubaki.

Wapo wanaofukia lenzi kwenye mchele. Mchele haukaushi hewa kiasi cha kutosha, na unaacha vumbi la wanga. Tumia boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na pakiti za silika, chembe zinazofyonza unyevu, unazozikausha tena kila zinapolowa. Lenzi yenye kuvu ikae mbali na nyingine mpaka isafishwe.

Kuhusu betri kuna dhana mbili zinazopingana, na zote hazina ukweli kamili. Mmoja atakuambia kamera za zamani hazihitaji betri. Mwingine atakuambia bila betri ni mapambo. Inategemea modeli. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ina shata ya kimakanika; betri ni ya kipima mwanga tu, na ikiisha unaendelea kupiga. Canon AE-1 ilitoka mwaka huohuo wa 1976, lakini shata yake inaongozwa na umeme. Bila betri ya volti 6, ukibonyeza kitufe hakuna kinachotokea. Naumia kila ninapoona AE-1 nzima ikiuzwa kama chuma chakavu kwa kukosa betri hiyo moja. Na mwenye K1000 akumbuke kwamba kipima mwanga chake hakina swichi ya kuzima: funika lenzi kila unapomaliza, la sivyo betri huendelea kuliwa.

Olympus OM-1 na Minolta SRT 101 zina jambo lao. Ziliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo iliondolewa sokoni kwa kuwa zebaki ni sumu. Watu huweka betri ya kawaida ya volti 1.5 inayoingia vizuri mahali pale, wakadhani mambo yamekwisha. Volti ile ya ziada hudanganya kipima mwanga kwamba mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na picha hutoka na giza. Betri za vifaa vya kusaidia kusikia, zile za volti 1.4, hukaribia zaidi ile ya asili, ingawa haziishi muda mrefu.

“Ikikwama, itie mafuta ya cherehani.” Tafadhali, usifanye hivyo. Mafuta ya kumwagia au kupulizia hutambaa mpaka kwenye mapazia ya shata na kwenye majani membamba ya lenzi yanayopanua na kupunguza tundu la mwanga, nayo yakilowa hunatana. Kweli, AE-1 inayolia kama inakohoa kila inapofyatuliwa inahitaji mafuta, lakini ni tone dogo kwenye gia za kile kioo cha ndani, linalowekwa na fundi anayejua pa kuliweka.

Kioo kile kimepakwa fedha au alumini upande wa mbele, si nyuma kama kioo cha ukutani. Kukifuta na shati ni kukikwaruza. Na vumbi lililo juu yake halionekani kwenye picha hata kidogo, kwa sababu kioo huinuka kabla ya mwanga kufika kwenye filamu. Pulizia hewa kwa pampu ya mpira, basi. Sponji nyeusi za mlango wa nyuma ndizo unazoweza kushughulikia mwenyewe: zikigeuka kuwa lami inayonata, kwangua kwa kijiti, futa kwa spiriti, bandika mpya.

Kabla ya kununua, usiridhike na mlio mzuri wa shata. Toa lenzi, fungua mgongo wa kamera, weka spidi ya 1/1000 ya sekunde, ielekeze dirishani, tazama kwa nyuma huku ukifyatua. Mwanga uonekane kwenye fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia hayaendi sambamba, na kila picha itakuwa na ukanda wa giza pembeni.

Mwisho, kuna wanaosema filamu hazitengenezwi tena. Zinatengenezwa. Za Kodak hutoka Rochester, Marekani, na za Ilford hutoka Mobberley, Uingereza. Ektachrome, filamu ya rangi ya Kodak iliyokuwa imesitishwa, ilirudi mwaka 2018. Iliyokufa kweli ni Kodachrome, nayo ya rangi na ya Kodak: uzalishaji ulikoma mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyokuwa ikiisafisha iliacha kuipokea mwishoni mwa 2010. Ukikuta mkebe wake kwenye mkoba wa babu, rangi zake hazipatikani tena, ila wapo wanaoweza kuisafisha ikatoa picha nyeusi na nyeupe. Na ukisafiri na filamu kwa ndege, usiiweke kwenye sanduku la mizigo, maana eksirei za huko ni kali. Ibebe mkononi na uombe ikaguliwe kwa mkono.